Sabuni ya Mawese na Mise, Mwandiga: Shajara ya Mradi wa Wanafunzi na Kikundi cha Akina Mama

Shajara hii naiandika kama katibu wa mradi, mwanafunzi wa kidato cha tano katika shule moja ya bweni hapa Kigoma. Kila hatua ikiisha naongeza maelezo. Anayetaka kuiga aige, ila asome hadi mwisho kabla ya kununua kostiki (hidroksidi ya sodiamu, kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni), kwa sababu makosa tuliyoyafanya mwanzoni yaligharimu pesa na nusura yaumize watu.

17 Agosti 2024: Siku ya kwanza Mwandiga

Tulikwenda na wazo la kuku wa mayai. Tulikuwa tumeliandika vizuri kwenye daftari, pamoja na mchoro wa banda. Akina mama 12 walikaa chini ya mwembe wakatusikiliza mpaka mwisho, kisha Mama Mwenyekiti akasema, “Wanangu, chakula cha hao kuku tutanunua kwa nini? Hapa mawese yapo, mise zipo, na sabuni tunanunua dukani.” Wazo la kuku likaishia hapo.

Kazi yao kubwa ni kugonga mise, yaani kokwa za michikichi. Baada ya mawese kukamuliwa hubaki kokwa, na ndani ya kokwa kuna kiini chenye mafuta yake. Wanakaa na jiwe kubwa chini na dogo mkononi, wanavunja moja moja, wanalipwa kwa debe. Michikichi mingi ya wenyeji huku ni aina ya dura, yenye ganda nene, kwa hiyo kuvunja ni shida tupu. Mama mmoja alinionyesha kidole gumba ambacho kucha yake imeshang'oka mara tatu. Wengi wao ni wajane au wanalea watoto peke yao. Mise zikishagongwa hununuliwa na mtu mwingine, zikakamuliwa, na mafuta yakaenda kwa wapika sabuni. Wanaoumia vidole ndio wanaobaki na kipande kidogo kabisa cha thamani yake.

Tumekubaliana: tutapika sabuni pamoja, na lengo ni kwamba siku tukiwa kwenye mitihani kikundi kiweze kupika bila sisi.

Fedha: wanafunzi 38 tulichanga 2,000 kila mmoja, mwalimu mlezi akaongeza 50,000. Jumla 126,000. Tumenunua mizani ya kidijitali 35,000, glovu jozi nne 12,000, miwani minne ya kinga 20,000, ndoo tatu nzito za plastiki 21,000, mbao na ufundi wa makalibu 24,000. Zimebaki 14,000. Mafuta ya kuanzia wametoa akina mama wenyewe, dumu la lita 5 za mawese.

31 Agosti 2024: Chungu cha kwanza, na sufuria la Mama Mhazini

Ndoo tulizozinunua tuliziacha shuleni. Tukasema haidhuru, tutaazima sufuria. Mama Mhazini akatupa lake la alumini, zuri, la ukubwa wa kupikia msibani. Tukatia maji, tukamimina kostiki gramu 710.

Sufuria likaanza kutokota bila moto. Moshi wenye ukali ukapanda, povu jeusi likajaa, na pembeni jiko la mkaa la kuyeyushia mawese lilikuwa linawaka. Mwenzetu mmoja anayesoma Kemia akapiga kelele tuondoe jiko, na hapo ndipo tulipokumbuka kitu ambacho sote tulishakisoma darasani: kostiki inakula alumini, na hewa inayotoka ni haidrojeni, inayoshika moto. Tuliliondoa jiko, tukasogea upande upepo unakotoka, tukasubiri. Kioevu chote kikamwagwa kwenye shimo mbali na kisima. Sufuria limebaki na matundu.

Katika purukushani hiyo mwanafunzi mmoja alirukiwa na tone kwenye kifundo cha mkono, juu kidogo ya glovu. Tulimwagia maji safi ya dumu kwa dakika ishirini mfululizo. Imebaki alama nyekundu tu. Tangu leo ni sheria: dumu la maji linasimama karibu kabla kostiki haijafunguliwa, mikono mirefu ni lazima, watoto wanaondolewa uwanjani, na kostiki ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye kostiki.

Tulifuata ndoo, tukanunua kilo ya pili ya kostiki (5,000 kama ile ya kwanza), tukarudia. Safari hii mchanganyiko ulikuwa mzito kama uji ndani ya dakika arobaini, tukamimina kwenye kalibu. Sanduku lina 4,000. Sufuria ni 18,000, na tumemwambia Mama Mhazini tutalilipa. Alisema tusihangaike. Tunahangaika, maana lilikuwa sufuria lake la pekee kubwa.

14 Septemba 2024: Sabuni inayochubua

Sabuni ni ngumu, rangi ya chungwa, inapendeza. Akina mama wawili walijaribu kufulia. Leo wametuonyesha viganja: vimekauka, vimepasuka, vinawasha.

Tulichukua kipande mpaka maabara. Tone la fenolifthaleni, kiashiria kinachogeuka waridi penye kostiki, juu ya sabuni ya dukani liliacha rangi ya waridi hafifu sana. Juu ya yetu likawa waridi kali papo hapo, maana yake kuna kostiki iliyobaki bila kuungana na mafuta.

Hesabu tuliikagua mara tatu na haikuwa na kosa. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 142 za kostiki, mara 5 ni 710. Mwalimu wa Kemia akauliza swali moja tu: “Hizo kilo tano mlizipima na nani?” Hakuna aliyezipima. Dumu lilikuwa la lita tano, nasi tukaandika kilo tano. Mafuta ni mepesi kuliko maji. Lita moja ya mawese yetu tumeipima leo, ni gramu 910. Kwa hiyo tulikuwa na kilo 4.55 za mafuta, zilizohitaji gramu 646, na gramu 64 zikabaki zinakula mikono ya watu.

Marekebisho: tumeikwangua sabuni yote, tukaiyeyusha kwa moto mdogo na maji kidogo kwenye sufuria la stili tuliloazima jikoni kwa shule, tukaongeza gramu 700 za mawese. Jumla ya mafuta sasa ni kilo 5.25, na kostiki imepungua kama asilimia 5 chini ya kiwango kamili. Hiyo asilimia 5 ya mafuta yanayobaki huru ndiyo kinga ya ngozi, na tangu leo tunaiweka katika kila hesabu. Baada ya siku tatu tone la maabara halikutoa rangi ya kutisha. Sura ya sabuni ni mbaya, ina mabonge, lakini haichubui. Imegawanywa kwa wanakikundi, haikuuzwa.

19 Oktoba 2024: Mise zinadai zaidi

Sabuni ya mawese matupu ina tatizo lingine: povu lake ni dogo. Akina mama walilijua hilo kabla yetu. Walituambia kwamba wapika sabuni wa zamani huchanganya na mafuta ya mise. Mafuta ya mise yana asili ya kutoa povu jingi, kama ya nazi.

Tarehe 5 tulipika kilo 10 za mafuta, safari hii kwa mizani: mawese kilo 6, mise kilo 4. Kostiki tukaweka gramu 1,349, yaani 142 mara 10 kisha toa asilimia 5. Leo wiki mbili zimepita na sabuni bado inabonyea kwa kidole. Ukiishika inaacha ukungu wa mafuta mkononi.

Kosa ni kudhani mafuta yote yanakula kostiki sawa. Mise zinahitaji zaidi, takriban gramu 176 kwa kilo. Hesabu sahihi ni hii, na ndiyo tunayotumia mpaka sasa:

Mawese kilo 6 mara 142, gramu 852.
Mise kilo 4 mara 176, gramu 704.
Jumla 1,556, toa asilimia 5, inabaki kama gramu 1,480 za kostiki.
Maji lita 3.3.

Tulipungukiwa gramu 130 hivi. Tumeipika upya kwenye lile sufuria la stili tukiongeza kostiki iliyopungua ikiwa imeyeyushwa kwenye maji, taratibu, tukikoroga saa nzima. Imeshika.

Kama unaiga kwa alizeti, mnazi au mafuta mengine yoyote, tafuta kiwango cha mafuta hayo kwanza. Usichukue namba zetu.

2 Novemba 2024: Chungu cha kwanza kilichonyooka, na swali la asilimia ishirini

Kilo 10 za mafuta, vipande 70 vya gramu 200, hakuna kilichoharibika. Hatua zenyewe sitazirefusha: maji ya kostiki yapoe, mafuta yawe ya uvuguvugu, koroga kwa upande mmoja mpaka uji, mimina, funika, kata baada ya siku mbili, panga kwenye chanja wiki nne.

Baada ya kazi tulikaa kuzungumzia mgao. Tulikuwa tumeandika kwamba klabu ya shule itachukua asilimia 20 ya faida “kwa ajili ya uendelevu”. Mama mmoja ambaye huwa hasemi sana akauliza, “Nyie mkimaliza shule, hiyo ishirini atakuja kuichukua nani?” Tulitazamana. Hatukuwa na jibu, na nadhani kila mmoja wetu alijua kwa nini. Kifungu kimefutwa. Vifaa vya awali ni vya kikundi, klabu haichukui kitu. Kuna wenzetu watatu hawakufurahi, nami nawaelewa, maana wanafunzi wanaokuja watahitaji mtaji wa mradi wao. Lakini mtaji huo usitoke kwenye kucha za wagonga mise.

Sufuria la Mama Mhazini limelipwa leo, mchango wa pili wa wanafunzi.

11 Januari 2025: Yaliyotokea tukiwa likizo

Shule ilifungwa mapema Desemba. Tuliwaachia mizani, kostiki na karatasi ya hesabu. Tuliporudi leo tumekuta vyungu vitatu vimepikwa, na mizani ya kidijitali imelala kabatini. Betri yake ya kitufe ilikufa wiki ya kwanza na Mwandiga haikupatikana.

Mama Mwenyekiti aliwahi kuuza samaki aina ya migebuka Kibirizi kwa mizani ya vibao. Alichonga ubao, akautoboa katikati, akauning'iniza kwenye mwembe, kila upande akafunga sahani ya plastiki kwa kamba. Kisha akaenda dukani kwa mtu mwenye mizani iliyobandikwa stika ya Wakala wa Vipimo, akamwomba ampimie mawe ya kilo 6, mawe ya kilo 4, na mfuko wa mchanga wa gramu 1,480. Mawe ya mawese ameyapaka rangi ya chungwa, ya mise meusi, na mfuko wa kostiki ni kitambaa chekundu. Maji ameweka alama ya kisu kwenye ndoo. Anayejua kusoma na asiyejua wote wanapima sawa, wala hakuna anayekokotoa kitu.

Sisi tulikuwa tumetumia Jumamosi mbili kuwafundisha kuzidisha kwa 142.

Tumeongeza jambo moja tu. Ubao wa mkono huwa hauna usawa kamili, kwa hiyo ukishapima, badilisha: kilichokuwa kulia kiende kushoto. Ukiona unaegemea, sogeza tundu la katikati. Wa Mama Mwenyekiti uliegemea kidogo sana, tumeurekebisha.

Tatizo la likizo lilikuwa mvua. Sabuni ya Desemba inatoa jasho, matone madogo juu ya kipande kila asubuhi, kwa sababu inavuta unyevu wa hewa. Chungu kimoja kilifungwa kwenye nailoni baada ya siku nane ili kisilowe, nacho kimelainika na kutoa harufu ya mafuta yaliyochacha. Vipande 70, vimeokolewa 41 kwa kukwangua nje na kukaushwa tena. Sasa kuna chanja ndani ya chumba, juu, dirisha wazi mchana, na kufungia ni karatasi ya kaki tu, tena baada ya wiki sita wakati wa masika.

8 Februari 2025: Mfuko mwekundu

Vyungu viwili vya Januari vimekuwa laini, na cha pili laini kuliko cha kwanza. Vipimo vilevile, watu walewale.

Tulishuku kostiki kwanza. Muuzaji huifungua gunia na kuchota kwa kopo, na kostiki iliyoachwa wazi hunyonya maji ya hewani, inaongezeka uzito na kupungua nguvu. Tulinunua nyingine kutoka gunia lililofunguliwa mbele yetu, 7,500, tukapika chungu cha majaribio. Kilikuwa laini pia. Tukashuku mise, kwamba zimechanganywa na mafuta mengine. Tukamuudhi bure mama anayetuletea, na tumemwomba radhi.

Aliyegundua ni binti wa Mama Mhazini, wa darasa la sita. Alikuwa anachezea mfuko mwekundu akasema umekuwa mwepesi. Tuliupima shuleni: gramu 1,392. Mchanga ulichotwa mtoni msimu wa mvua ukiwa umelowa, na mfuko ulikuwa unatunzwa kwenye rafu juu ya jiko. Kila wiki maji yalikauka kidogo, na kila wiki kostiki ikapungua kidogo. Ndiyo maana vyungu vya Desemba vilikuwa salama na vya Januari vikazidi kulegea kimoja baada ya kingine.

Sasa uzito wa kostiki ni misumari ya zamani ndani ya kopo la maziwa, limezibwa kwa nta, gramu 1,480. Kila mwisho wa mwezi linapelekwa kwenye mizani ile yenye stika, pamoja na mawe. Kostiki inanunuliwa gunia likifunguliwa na kuhifadhiwa kwenye dumu lenye kifuniko kinachobana.

15 Machi 2025: Hesabu za kweli, na mali kauli

Gharama ya chungu kimoja cha kilo 10 kwa bei tunazonunulia: mawese lita 6.6 kwa 3,000, shilingi 19,800. Mise lita 4.4 kwa 2,500, shilingi 11,000. Kostiki 7,500. Mkaa 1,000, karatasi 2,000, nauli 2,000. Jumla 43,300, kwa hiyo kila kipande kinatugharimu kama 620 kabla ya kumlipa mtu yeyote. Kwenye daftari letu la Agosti tulikuwa tumeandika 400, bila nauli, bila karatasi, na kwa mafuta yaliyotolewa bure.

Mwezi uliopita tuliweka vipande 120 kwenye maduka matatu kwa mali kauli, yaani tulipwe vikishauzwa, 800 kila kimoja. Vilivyolipwa ni 52, shilingi 41,600. Vipande 30 vimerudi vimeguguniwa na panya. Vilivyobaki 38, yaani 30,400, muuzaji anasema njoo kesho tangu tarehe 20 Februari. Kikundi kimeamua: hakuna tena mali kauli. Duka linalotaka linunue kumi kumi kwa pesa mkononi.

Rejareja ni 1,000, na hapo tulikwama, kwa sababu mtu mwenye mia tano mfukoni hununua kipande cha mche wa sabuni ya kiwandani. Akina mama wakaanza kukikata kipande chetu katikati, gramu 100 kwa 500. Sokoni Jumamosi iliyopita vile vipande vya nusu viliisha kabla ya adhuhuri huku vipande vizima vikirudi nyumbani.

Chungu cha mwisho kilileta 64,000. Tukitoa gharama inabaki 20,700: wapikaji wanne 4,000 kila mmoja, na 4,700 sandukuni. Ni pesa ndogo na nataka anayesoma aijue ilivyo. Ila ni ya nusu siku, bila jiwe mkononi, na mise sasa zinauzwa zikiwa sabuni.

26 Aprili 2025: Lebo

Usajili wa kikundi unapitia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kikishasajiliwa kinaweza kuomba mkopo usio na riba wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani ambapo 4 ni za wanawake, 4 za vijana na 2 za watu wenye ulemavu. Majina yaliyoandikwa ni ya akina mama peke yao. SIDO, shirika la viwanda vidogo, tumekwenda kuuliza njia ya kupata alama ya TBS, yaani ya Shirika la Viwango Tanzania. Tumerudi na orodha ya marekebisho ya chumba, kubwa likiwa sakafu na dari. Hilo linasubiri mkopo.

Lebo ya kwanza tuliyochora shuleni iliandika “hutibu chunusi na fangasi”. Imefutwa. Hatujapima hilo, wala sabuni yetu si dawa. Iliyobaki inasema: sabuni ya mawese na mise, imepikwa Mwandiga, uzito, na tarehe ya kupikwa.

24 Mei 2025: Wageni

Wamekuja akina mama watano kutoka kijiji cha jirani kujifunza. Sisi tulikaa kwenye benchi. Mama Mhazini alianza na sufuria la alumini lenye matundu, analo bado, akalipitisha mkono kwa mkono kabla hajafungua dumu la kostiki. Mama Mwenyekiti akapima mise kwa mawe meusi, akabadilisha pande, akapima tena.

Mgeni mmoja aliuliza kama michikichi ya tenera inayoenezwa na TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, itamaliza kazi hii, kwa kuwa ganda lake ni jembamba na kiini kidogo. Walibishana muda mrefu kwa Kiha, haraka kuliko nilivyoweza kuandika. Nilichonasa ni kwamba mawese yataongezeka na mise zitapungua, kwa hiyo mapishi ya 6 kwa 4 yatabidi yajaribiwe upya. Kiwango cha 8 kwa 2 tumeshakikokotoa, kostiki gramu 1,414. Kinapikwa Jumamosi ijayo, na Mama Mhazini ameshaanza kutafuta misumari ya kopo la pili.